Maji ya Kunawa

Dada Najma,

Shikamoo. Hapa Chang'ombe sote wazima, ila mvua imeangusha ukuta wa uani.

Jana chaneli ya Kihindi ilionyesha tangazo la kutaka watoto wa kike na wa kiume wawe sawa. Nilitokwa machozi, nikalituma kwenye kundi la familia, na wajomba wote wakajibu kwa makofi. Chakula kikaja. Binti yangu Shamimu akatunawisha mikono, mie na kaka yake, kwa birika na beseni.

"Baba," akauliza, "shangazi Najma naye alikuwa anakunawisha hivi?"

Nilikumbuka ulivyoachishwa shule kidato cha pili ili mie nisome, ukabaki nyumbani kunipashia maji ya kunawa.

Nikamwambia alete taulo.

Ni mie, mdogo wako uliyekuwa ukimnawisha,
Suhaib