Bwana Harusi Aliyeishiwa Mafuta

Kaka Hamisi,

Hujambo huko nyumbani? Kibondo kuna baridi na maharage matamu. Tulikuja harusini kutoka Kasulu kwa gari la Shangazi, yule unayemwita kobe kwa uendeshaji wake. Alipanda vilima taratibu, akiondoa mguu kwenye mafuta kabla ya kila kona. Gari la bwana harusi likatupita kwa kasi, baadaye tukalikuta limezima njiani, tangi kavu.

"Lakini asubuhi tulijaza lita sawa na zenu," dereva wake akalalamika.

"Ni kweli. Ila mimi sikuwa nikifukuzana na mtu," Shangazi akamjibu, akampakia bwana harusi. Tulipofika Kibondo, bibi harusi alikuwa ameshaanza kulia kwa kusubiri; alipotuona, akacheka.

Nilikukumbuka wewe na mguu wako mzito kwenye mafuta. Endesha polepole, kaka. Tunakupenda ukiwa umefika salama.

Mdogo wako,
Zuhura