Sumaku ya Misumari

Jumatatu, 4 Machi

Mapigo ya moyo wa Akbar 48, kabla ya chai. Nimerudia kuhesabu: 47. Yanapiga, yanakatika, yanaanza tena. Daktari wa Dar alisema kifaa alichomwekea mume wangu kifuani hakiuachi moyo ushuke chini ya sitini. Nimemwambia Akbar apumzike. Kanywa chai, kaenda kufungua duka. Mkaidi hafaidi ila siku ya Idi.

Jumanne, 5 Machi

Nyumbani 46, na kizunguzungu. Dukani nimemshika mkono mbele ya wateja: 85. Kabeba boksi la misumari: 85. Kakaa: 85 vilevile. Moyo gani huo usiojua kazi wala kupumzika? Naogopa.

Jumatano, 6 Machi

Nimesoma kijitabu cha kifaa. Sumaku isisogee karibu. Na Akbar, tangu mgongo umsumbue, akiwa dukani anavaa shingoni, kwa kamba, sumaku ya spika kuukuu, ya kuokotea misumari wanayomwaga mafundi mashua wa kisiwa cha Jibondo. Inalala juu ya kifaa chenyewe! Kila siku naiona, sikuwaza. Nimemvua. Kanuna. Nimeitumbukiza kwenye ndoo ya misumari, nikajisifu.

Alhamisi, 7 Machi

Mapigo 41. Dukani pia 41. Nimejiambia mwili unazoea.

Ijumaa, 8 Machi

Kaanguka dukani saa tatu asubuhi. Mapigo 34. Midomo ya kijivu. Nimempigia daktari wa Dar huku nalia, nikamweleza yote, hata sumaku niliyomvua. Hakunipa pole. Kauliza sumaku iko wapi.

"Irudishe kifuani, mama. Sasa hivi."

Nimefukua ndoo mpaka vidole vikatoka damu. Nimeiweka. 85. Akbar kafumbua macho, kauliza nani anauza.

Daktari kanieleza baadaye. Kifaa husikiliza moyo, ukinyamaza kinaupigisha. Waya wake umekatika ndani, unatoa kelele. Kifaa kinadhani ni moyo, kinakaa kimya. Sumaku inakifanya kisisikilize chochote, kipige tu, 85, akibeba au akikaa. Ndiyo iliyokuwa inamweka hai. Nusura nimwue mume wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Ndege ya asubuhi. Sumaku nimeibandika kwa plasta. Misumari miwili imeing'ang'ania, sikuthubutu kuibandua. Kiganja changu kilikaa juu yake mpaka Dar.

Jumatatu, 25 Machi

Tuko nyumbani. Waya mpya. Kakaa: 62. Katembea mpaka dukani: 78. Kapumzika: 64.

Fundi wa Jibondo kamwaga misumari leo. Akbar kapapasa shingoni, hakuna kamba. Nimepiga magoti, nimeiokota misumari mmoja mmoja kwa mkono.