Kahawa ya Kutafuna Ndani ya Santuri

Pumwani, Nairobi

Kwako mke wangu, Mama Kemilembe,

Habari za hapo Kanoni? Mvua imefika, au migomba bado imeinamisha majani? Mama amepona mguu? Mpe shikamoo yangu sasa hivi, akiitika ndipo uendelee kusoma. Najua amekaa karibu nawe akisubiri kutajwa. Mimi ni mzima, ila koo limekwaruzika kwa mabishano. Usicheke. Safari hii sikubishana na gazeti. Nimebishana kwa ajili yako, na nataka uyasikie kwangu kabla ya kuyasikia kwenye santuri ya mnunuzi wa kahawa.

Nilikwisha kukuandikia habari za Athumani wa Tanga, mpiga gitaa ninayekaa naye chumba kimoja. Amepata nafasi ya kunaswa sauti katika studio moja hapa mjini. Sauti anayo, maneno hana. Nyimbo zake zote ni njoo mpenzi, usiniache mpenzi. Nikamwambia, "Athumani, hata kasuku angechoka."

Akanijibu, "Basi andika wewe, mzee wa maneno. Magazetini unawachamba watu bure. Kwangu angalau utapigiwa gitaa."

Nikakaa kumwandikia mzaha. Yakatoka haya, na jina lako la nyumbani ndani yake:

Ganda moja, punje mbili,
moja kwangu, moja kwako;
Kokugonza, weka kikapu mlangoni,
nikirudi tutafune.

Umeshaelewa. Asubuhi ile ya kuondoka kwangu ulipasua kahawa moja kavu, ukanipa punje moja, ukabaki na pacha wake, kama wanaume wa kwetu wanavyofanya wakichanjiana undugu kwa kahawa. Shangazi yako akakukemea, "Mke na mume mnachanjiana nini tena?" Ukamjibu, "Undugu wa kitanda husahaulika, shangazi. Huu wa kahawa hausahauliki." Akakimbilia nje, nasi tukabaki tunacheka na huku mizigo inaningoja.

Sasa sikia ya studio. Mwenyewe ni bwana mmoja mnene, tai imembana shingo. Aliposikia maneno akakunja uso. "Kahawa haitafunwi, inanywewa. Watu watatucheka. Wekeni chai." Athumani, kwa kuogopa kufukuzwa, akaimba "chai mezani". Mama Kemilembe, ule haukuwa wimbo, ulikuwa maiti iliyovishwa suti. Nikasimama.

"Bwana, kahawa yetu inapita bandarini kwenda Ulaya, wala hakuna anayeizuia. Neno lake tu ndilo lisipite mlango wako?"

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Mwenye maneno."

"Na mwenye kelele," Athumani akadakia. "Tuvumilie, bwana, ndivyo alivyo hata usingizini."

Nikaona bora niwaonyeshe. Kwetu humwombi mtu jambo kabla hujampa cha kutafuna, nami nilikuwa na kikapu cha zile amwani, kahawa zetu za kutafuna, ulizoniletea kwa mkono wa dereva, ulizochemsha na majani ya harufu ukazikausha. Nikazipitisha kwa wote: mwenye studio, fundi wa mashine, Athumani. Hapo nikakosea. Mtu wa kwetu huweka punje shavuni akaendelea na maongezi yake. Athumani alizibugia zote kama karanga. Taa nyekundu ikawaka, akafungua mdomo, ganda likamkaa kooni. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, fundi akacheka kwa sauti, na mkanda ukaharibika.

Nilidhani tumefukuzwa. Kumbe mwenye studio alikuwa bado anatafuna. "Hii ni harufu ya nini?" akaniuliza.

"Ya jikoni kwa Kokugonza."

Akalegeza tai, akasema, "Imbeni ya kahawa."

Athumani akaimba na koo lile lililokwaruzwa, bila madoido yake ya kila siku, kama mtu aliyefika kwake kwa miguu akasimama mlangoni. Mimi unayenijua kwa ukali niligeukia ukuta.

Lakini tulipotoka nje jambo moja likanipiga. Jina lako! Mwanamume usiyemjua atakuita Kokugonza katika kila duka lenye santuri, Kanoni hadi Kiruruma, na mimi sipo. Watu watauliza ni nani huyo wa Tanga. Nimewashambulia miaka mingi wale wanaume wanaojaza magazeti kwa habari za wanawake bila kuwauliza wenyewe, na sasa nimefanya vilevile kwa mke wangu. Nilimweleza Athumani. Hii ni santuri yake ya kwanza, na angeweza kuninunia. Alisema tu, "Jina nimeazima, mzee. Mwenyewe akilitaka, namrudishia."

Basi mkanda umewekwa. Hautapelekwa kutengenezwa santuri mpaka jibu lako lifike. Ukisema hapana, utafutwa, na sitakuuliza sababu. Mimi ninayebishana na kila mtu, kwa hili sibishani.

Nisalimie shangazi yako mkali, mwambie ameingia katika barua ila wimboni nimemwacha. Nisalimie kaka yako anayenitunzia migomba, na katekista aliyenifundisha kusoma, asitubu kwa kosa hilo. Kemilembe mshike kichwa kwa niaba yangu.

Jambo moja la mwisho. Wimbo ukiisha na gitaa kunyamaza, unasikika mlio mdogo, "ka!" Fundi alitaka kurudia, Athumani akakataa, akasema sauti haitatoka tena vile. Ulizoea kunigombeza kwamba natafuna kama ng'ombe kwenye mabua. Anayekuita ni Athumani. Yule anayetafuna mwishoni ni mimi. Nilitafuna zile za kikapuni tu. Punje uliyonipa asubuhi ile bado iko mfukoni, nzima. Ukikubali, usiandike mengi. Niambie tu kama yako ipo.

Ni mimi wako,
Fulgensi, baba yake Kemilembe