Kifungo cha Kijani kwenye Shati Jeupe

Mdogo wangu mpendwa,

"Mtazamaji wetu hataki kufikirishwa, anataka kulizwa tu." Uliyasema hayo gazetini wiki iliyopita, pichani umekunja nne kama waziri. Nitakujibu, lakini salamu kwanza, maana sikulelewa porini. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mimi mzima, ukiondoa hasira. Mama naye goti limepoa, ila macho ndiyo basi tena. Siku hizi hata mwanga wa dirishani hauoni.

Huyo Mama ndiye jibu langu. Kila Alhamisi saa kumi na mbili jioni hukaa mbele ya tamthilia yako, mimi kuliani kwake nikimsimulia asiyoyaona. Na kazi unanipa! Watu wako hawasemi. Hutazamana dakika nzima, kinanda kinalia, mlango unafunguka, wanatazamana tena. Tuliyemzika mwezi wa tatu karudi mwezi wa tano na wigi jipya. Hospitali nzima ina shuka moja. Mama akiuliza wanafanya nini, namwambia wanatazamana. Siku moja akauliza kama hawajaonana tangu jana.

Nikachoka, nikaanza kutia chumvi. Kinanda kikilia, mimi natunga. Nikamwambia dobi wa kwenye tamthilia amelinusa shati la marehemu kabla ya kulichovya majini. Mama akashika kifua.

Wiki sita baadaye, dobi wako akalinusa shati.

Nikasema ni sadfa tu. Halafu likaja la pili, na la tatu. Nani anasikiliza sebuleni kwetu? Nilimshuku fundi wa televisheni, anayerekebisha waya ule ule kila wiki na hataki hata chai. Nilimshuku wifi yangu, anisamehe, kwa sababu huja Alhamisi na kuondoka kabla ya matangazo ya biashara. Nikafunga madirisha. Fundi nikamwambia asije tena. Wifi nikampokea barazani, akanuna, akaacha kuja.

Kisha nikatega mtego. Tukiwa wawili tu, nilimnong'oneza Mama kwamba bibi wa kwenye tamthilia ameshona kifungo cha kijani kwenye shati jeupe la mwanawe, kwa kuwa haoni rangi na hakuna aliyethubutu kumwambia. Alhamisi iliyopita nimekiona kifungo hicho, kijani kama jani, kimejaa kioo kizima!

Nilimgeukia Mama. Wala hakushtuka. Alisema kila Ijumaa anakupigia simu akupongeze, kwani mtoto asiyesifiwa hunyauka. Tena akanisifia adabu yako: ukimsikiliza unakaa kimya, halafu unamwomba arudie polepole.

Polepole! Ili kalamu yako imfikie, mwizi wewe.

Nikakaa nikaandika makala ya kukuumbua gazetini. Ipo hapa mezani, kurasa nne, kila mstari una meno. Nilikuwa naitafutia bahasha Mama aliposema, bila kuulizwa, kwamba Mungu amemjalia watoto wawili, mmoja wa kutunga na mmoja wa kukosoa. Hapo nikaacha kuitafuta bahasha, na nitakwambia kwa nini, ingawa aibu inanichoma.

Mwezi uliopita uliandika onyesho zuri. Bibi anakunja nguo za mwanawe aliyehama, anazipanga sandukuni, anazitoa, anazikunja upya. Hakuna kinanda, hakuna neno. Nililia, mimi niliyekusema vibaya gazetini miaka yote hii. Mama akauliza wanafanya nini. Nikamwambia wanatazamana.

Sikukosa maneno. Nilikuwa nimezoea kila kizuri anachokisikia kiwe changu, na hiki kilikuwa chako. Mama akaguna, akasema leo mdogo wako kachoka kutunga. Ijumaa ile, kanieleza juzi, hakukupigia simu. Labda ulijiuliza kulikoni. Sasa unajua.

Msalimie wifi, mwambie nitamtaka radhi ana kwa ana, na mlango wa sebuleni uko wazi kwake. Fundi nimeshamwita arudi. Waya kweli ulikuwa mbovu.

Makala sitaipeleka. Lakini wewe, unayedai mtazamaji hataki kufikiri, Alhamisi ijayo ni sehemu ya mwisho: njoo. Kaa kushoto kwa Mama, umsimulie kazi yako kwa mdomo wako, mbele yangu. Na kabla haijaanza, msimulie zile nguo.

Ni mimi, dada yako,
mkosoaji