Gari la Marehemu na Sahihi Niliyoijaribu

Mpendwa mshauri Bi Mwanaamina, shikamoo. Naomba unisaidie, maana kila ninayemuuliza ananipoteza zaidi. Naishi Kibaha, kwetu ni Marui, Kisarawe, na jambo lenyewe ni gari, Pijo 504 pikapu la marehemu baba yetu Mzee Mwinyijuma, alilokuwa akibebea korosho, ambalo lilikosa spea akalisukumia nyuma ya jiko, likakaa hapo miaka kumi na tisa kuku wakitagia ndani, hadi baba akafariki. Siku ya kugawa mirathi sheikh alituuliza sisi watoto watatu kama kuna kitu kimesahaulika, dada yetu mkubwa Raudha akasema lipo gari, mimi nikacheka nikasema lile si gari, ni chuma chakavu, nitakuja kukiondoa, na watu wakacheka, likapita bila kuandikwa.

Basi nikalileta Kibaha juu ya lori, nikahangaika nalo miaka mitatu na fundi wangu Dotto, na mwezi uliopita likawaka, mshauri, nililia kama mtoto. Tatizo ni kwamba lina namba za zamani zile za TZ, halimo kwenye mfumo wa usajili. Nikaenda kwa trafiki kuulizia ukaguzi, wakauliza kadi, nikaenda na kadi ofisi ya mapato, wakasema mwenye jina aje, nikasema amefariki, wakasema basi leta barua ya usimamizi wa mirathi, na mahakama ya mwanzo nayo inataka muhtasari wa kikao cha ukoo wenye sahihi za warithi wote. Warithi wenzangu ni Raudha, anayeishi Masaki hiyo ya Kisarawe, na mdogo wetu Amiri, na wote hawajui kama gari linawaka. Hapo ndipo kichwa kinapozunguka, kama ni chuma basi ni changu, lakini chuma hakisajiliwi, na kama ni gari basi ni la baba, na la baba ni letu sote. Nyumbani nimesema chuma, ofisini inabidi niseme gari. Dotto anasema niandike hati ya mauziano ya tarehe ya nyuma, kwamba baba aliniuzia akiwa hai, na sahihi yake nimuwekee mimi. Juzi nikaijaribu kwenye karatasi, ikatoka ile ile, nikaichana. Naogopa nikiwaita watasema liuzwe tugawane, na mimi siwezi kuliona likiondoka. Nifanye nini?

Seifu, Kibaha.

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kulifufua, hiyo kazi si ndogo. Ila hapo kwenye kuchanganyikiwa sikubaliani nawe. Jibu unalo, umeliandika mwenyewe kwa mkono wako: la baba ni letu sote. Hulipendi tu.

Kilichonikera zaidi ni kitu ulichokipita mbio. Dada yako alisema kweli mbele ya sheikh, ukamfanya kichekesho siku ya mirathi ya baba yake, na hadi leo hujamuomba radhi. Na huyo Dotto mwachie spana, mambo ya sahihi hayamhusu. Kughushi ni jinai, na kumghushi baba aliyelala kaburini ni aibu juu ya jinai. Kuichana ile karatasi ulifanya la maana.

Ijumaa hii baada ya swala nenda Masaki. Panda bodaboda, gari liache, halina bima wala usajili. Muombe Raudha radhi kwanza, habari ya gari ifuate. Kisha iteni kikao pamoja na Amiri, na umpendekeze Raudha awe msimamizi. Beba risiti zako zote za spea, maana jasho lako nalo ni haki, uombe wakuachie gari kwa kuwafidia mafungu yao. Wakikataa, liuzwe, na utavumilia. Mkikubaliana, wote wasaini, uende mahakamani, ndipo ofisi ya mapato na trafiki.

Usichelewe. Raudha ni mkubwa kwako, amekua akisikiliza gari lile likirudi na baba yake. Likipita barabarani atalijua kwa mlio tu, na kama hujamwambia utabaki na kadi yenye jina lako na dada asiyepokea salamu yako.