Nimeombea Grade Six Mtihani Usiokuwepo

Jackie, niko nje ya geti ya shule ya Muiruri. Sirudi ndani.

Si leo ni prayer day ya Grade Six. Wakanipa maiki niombee watoto. Nikaombea hesabu, sayansi, hadi GHC, ile jiografia na historia ya wakati wetu. Nikamwambia Mungu Muiruri wangu apate mia nne, aitwe boarding ya national school.

Hata pastor hakusema amina.

Mwalimu mkuu akachukua maiki. "Asante Mama Muiruri. Huu mtihani si ule wa zamani, hauna mia nne. January wote wanaingia Grade Seven hapa hapa shuleni, ile klasi iko karibu na choo."

Karibu na choo, Jackie.

Na sanduku la boarding nilishanunua soko la Bondeni. Jina limeandikwa na rangi.

Muiruri ameniuliza pole pole kama atalibeba hadi hapo Grade Seven.