Fahali wa Bucha Nimemchora Mimi

Baba,

Nimekasirika, na sina wa kumpelekea hasira hizi ila wewe.

Tulipoanua matanga, baba mdogo aligawa vitu vyako: ng'ombe, plau, baiskeli. Alipofika kwenye brashi zako za kuchorea mabango, akampa kaka Masanja. Masanja, baba! Muuza mitumba wa Mwanza, ambaye hajawahi kuchora hata kuku. Nilipouliza, nikaambiwa kipaji hutembea kwenye damu ya kiume, na mimi Kabula nitaolewa, brashi nitazipeleka wapi. Nikarudi jikoni kuosha masufuria ya matanga, kwa sababu kaburi lako lilikuwa bado bichi.

Kipaji! Neno hili limenichosha. Hawakuwepo kwenye ukuta wa jiko kila alfajiri, nikichora ng'ombe mmoja kwa mkaa kabla ya kwenda shambani. Ulikuwa unakuja na uji wako, unatazama weee, kisha unasema, "Mayu, mama yangu, huyu atatembeaje na magoti hayo?" Jioni nausiriba ukuta kwa udongo, kesho naanza upya. Msimu wa kuchuma pamba vidole vilichubuka, nikachora hivyo hivyo. Siku moja nililia, nikasema wa jana alikuwa mzuri. Ukajibu, "Wa jana ulimchora jana. Wa leo yuko wapi?" Na wewe mwenyewe, mzee mzima, ulichora wako pembeni, ukikosea unasonya.

Zamani tulitumia mkaa kwa sababu duka la ushirika halikuwa na rangi. Tangu biashara iachiwe huria, makopo ya rangi yamepangwa mpaka barazani, na kila anayefungua duka anataka bango. Basi mwenye bucha pale sokoni akamwita Masanja. Kaka yangu akachukua kopo la maziwa ya unga, akanakili ng'ombe wa kwenye kopo: madoa meusi na meupe, mgongo umenyooka kama benchi. Hapa Bariadi, ambako mtu anamjua ng'ombe wa jirani kwa kuona mkia tu! Wazee waliotoka mnadani wakauliza nundu imeliwa na nani, na humo ndani inauzwa nyama ya mnyama gani. Wateja wakahamia bucha ya pili. Mwenye bucha akatikisa kichwa, akasema kipaji cha mzee kimezikwa naye.

Hapo nikashindwa kuvumilia. Nikachukua mkaa jikoni, nikaenda kuchora kwenye ukuta wake mchana kweupe, watu wamejaa. Nilichora fahali, nundu imelala kidogo upande mmoja, ngozi ya shingo inaning'inia. Sikumwangalia mtu. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza fahali huyo ni wa boma la nani.

Nilidhani nimeshinda. Kumbe! Baba mdogo akaja mbio, machozi yanamtoka, anasema masamva, mizimu ya ukoo, wamejibu. Eti wewe ndiye uliyenishika mkono. Jumapili ukoo unakutana. Nitapewa brashi, lakini kwanza pombe imwagwe, nami nisimame mbele ya watu nikushukuru kwa kuniingia mkononi.

Baba, nakupenda, lakini hukuwepo. Sikuhisi mtu. Niliona goti la mbele linataka kupinda vibaya, nikalirekebisha, kwa sababu goti hilo nimelikosea miaka na miaka. Jana walininyima brashi kwa sababu ya damu, leo wananipa kwa sababu ya mizimu, na katika yote hayo mimi sipo. Inauma, baba. Tena nazitaka mno. Mpini wa ile kubwa umelika pale kidole chako kilipokaa, na nikiikosa najua nitalia.

Hata hivyo, Jumapili nitakushukuru kwa ulichonifanyia ukiwa hai, yale macho yako makali na ule uji uliokuwa unapoa mkononi. Halafu nitawaambia fahali yule nimemchora mimi. Wakizizuia brashi, wazizuie. Mkaa haujaisha jikoni.

Lala, baba yangu. Nakuahidi kesho alfajiri nitakuwa ukutani kama kawaida, maana kwato bado zinanishinda. Ukiniona nahangaika, usije kunishika mkono. Niache nikosee.

Mwanao,
Kabula